Kitambaa Nacho Kihesabiwe: Barua ya Wazi kwa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu

Kihoto, Naivasha
Kaunti ya Nakuru

Kwa Mwenyekiti na makamishna wa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu,
Kwa Manaibu Chansela na seneti za vyuo vikuu vya Kenya.

KUH: UPIMAJI WA KAZI YA WALIMU WA UBUNIFU WA NGUO

Waheshimiwa,

Mimi ni mwalimu wa ubunifu wa nguo. Nimefundisha kufuma, kutia rangi na kuchapisha vitambaa kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, na mtaa wa Kihoto ulio kando ya Ziwa Naivasha ndio makazi yangu. Nawaandikia kuomba jambo moja: kitambaa kilichobuniwa na mwalimu wa chuo kikuu, kikawekewa kumbukumbu na kukaguliwa na wataalamu wenzake, kihesabiwe kuwa utafiti sawa na makala ya jarida. Mengine nitakayoyasema humu yanazunguka ombi hilo.

Mkataba wa mhadhiri unamtaka afundishe, afanye utafiti na aihudumie jamii. Mwalimu wa nguo ana jukumu jingine ambalo halikuandikwa popote, nalo ni kuendelea kuwa fundi. Aliyeacha kufuma miaka kumi iliyopita anafundisha kumbukumbu. Pamba ya siku hizi huchanganywa na poliesta, rangi za dukani hubadilika kiwandani bila tangazo, na mashine za kuchapisha kwa kompyuta zimeingia mijini. Mwanafunzi hutambua upesi mikono ya mwalimu inapokuwa imesahau. Uzi wa mtande ukimkatikia katikati ya kazi, anamtafuta mtu ambaye wake ulikatika wiki iliyopita, akajua namna ya kuuunga bila kuacha kovu kwenye kitambaa.

Kwa hiyo mchana ni wa darasa, jioni ni ya kitanda cha kufumia, na usiku ni wa makala. Familia hupata kinachobaki. Wenzangu wengi wameacha moja ya kazi hizo tatu ili waziokoe mbili, na mara nyingi inayoachwa ni kazi ya mikono, kwa sababu ndiyo pekee ambayo mwaka ukiisha hakuna anayeiuliza. Ndivyo tunavyowapoteza wabunifu ndani ya vyuo vyenyewe vilivyowaajiri kwa ajili ya ubunifu wao.

Nasema tunawapoteza bure, kwa kuwa kazi hizi tatu kwa asili yake ni moja. Utaratibu wa kuzipima ndio uliozitenganisha. Nitaeleza kwa mambo ya hapa kwetu.

Naivasha ni mji wa maua. Majirani zangu wengi huamka alfajiri kwenda kwenye mashamba yaliyopangana kando ya barabara za Moi South Lake na Moi North Lake. Waridi lililovunjika shingo au lililochanua kabla ya siku yake halipandi ndege kwenda Uholanzi. Linaishia kwenye lundo la mbolea. Niliwahi kuwauliza wanafunzi wangu kama lundo lile linaweza kutia rangi kitambaa. Tukachemsha petali za waridi jekundu katika sufuria mbili, moja ya maji ya mvua na nyingine ya maji ya kisima. Pamba ilikuwa ile ile, na shabu ya kushikiza rangi ilipimwa kwa kijiko kile kile. Kitambaa cha maji ya mvua kilitoka na rangi hafifu ya waridi. Cha maji ya kisima kilitoka kijivu chenye ukijani, na wanafunzi wakadhani wameharibu kazi.

Niliwakataza kumwaga. Maji ya visima vya Bonde la Ufa hupita kwenye miamba ya volkeno na kuzoa chumvi nyingi. Floridi iliyomo ndiyo inayowatia watoto wetu meno ya kahawia, na baikaboneti iliyomo huyafanya maji yawe na ualkali. Wekundu wa waridi unatokana na kemikali iitwayo anthosiani, ambayo hubadilika rangi kulingana na asidi au alkali inayokutana nayo. Tulipokamulia ndimu kwenye sufuria ya pili, wekundu ukarejea mbele ya macho yao. Kisha tukaanika vitambaa vyote juani. Siku chache tu rangi ikafifia, tukajua kwamba waridi halifai kwa nguo ya kuuza. Maganda ya vitunguu na majani ya mkaratusi yalistahimili zaidi, na kwenye sufu majani ya mkaratusi yalishika hata bila shabu.

Katika kazi hiyo moja palikuwa na somo la kemia, jaribio lenye swali na jibu, na palitokea rangi ambazo mbunifu wa Naivasha anaweza kuzifanyia kazi. Wanafunzi walijifunza kwamba maji ya mahali ni sehemu ya rangi ya mahali, jambo ambalo kitabu kilichoandikwa kwa maji ya nchi nyingine hakiwezi kuwaambia. Sasa tazameni kazi hiyo ilivyoandikwa kwenye fomu ya mzigo wa kazi. Katika hesabu ya kawaida ya vyuo vyetu, saa tatu za karakana hulingana na saa moja ya mhadhara. Mwalimu aliyesimama karakanani saa tisa kwa wiki, akihama kutoka sufuria hadi sufuria na kutoka kitanda hadi kitanda, anaandikiwa saa tatu. Saa zinazobaki katika mzigo wake zinajazwa na kozi nyingine za mihadhara. Saa ambazo angefumia kazi yake mwenyewe zinaisha hapo, na saa ambazo angeandikia matokeo ya waridi zinaisha hapo pia.

Niwape mfano wa pili, ulio mzito zaidi. Katika mashamba hayo ya maua wapo wafanyakazi wa kunyunyiza dawa. Kazi yao iko ndani ya vibanda vya plastiki ambamo joto la mchana ni kali, na mavazi ya kuwakinga mara nyingi nayo ni ya plastiki. Mtu akiyavaa, jasho linammaliza nguvu. Akiyafungua kidogo apate hewa, dawa inamfikia ngozini. Hili ni swali la nguo kabla halijawa swali la kitu kingine chochote. Ni kitambaa gani kifumwe kwa kubana kiasi gani ili matone yasipenye na hewa ipite? Mshono ukae wapi ili usielekee mnyunyizo? Vazi lifuliwe vipi lisichanganyike na nguo za watoto nyumbani?

Maswali hayo hayajibiwi kwa kusoma peke yake. Lazima mtu afume, ashone, amvishe mfanyakazi, amsikilize, afue, apime, kisha afumue na kuanza upya. Mwisho wa safari hiyo kunakuwa na vazi. Vazi hilo ndilo jibu, na makala itakayoandikwa ni masimulizi ya jibu. Lakini kwenye meza ya kamati ya kupandisha vyeo, masimulizi ndiyo yanayofahamika mara moja. Vazi halina fomu yake. Nimeketi mbele ya kamati nikiwa na vitambaa mkononi, nikaulizwa vimechapishwa katika jarida gani.

Siwalaumu waliouliza. Walikuwa wakifuata mizani waliyopewa. Mwongozo wa pamoja wa kuajiri na kupandisha vyeo, mlioutoa mwaka wa 2014, ulimtaka mhadhiri awe na shahada ya uzamifu, ukaweka alama za machapisho kwa ngazi zinazofuata hadi uprofesa. Nia yake ilieleweka. Vyuo vilikuwa vimeongezeka kwa kasi, na kila kimoja kilipima kwa kipimo chake. Taifa lilihitaji uhakika kwamba profesa wa Eldoret na profesa wa Mombasa wamepimwa kwa haki. Ila kipimo kilichotengenezwa kwa mwanahistoria na mwanabiolojia kiliwekwa juu ya mfumaji bila marekebisho ya kutosha. Tangu hapo nimewaona wabunifu hodari wakiandika tasnifu za uzamifu katika masomo ya jirani, kwa sababu hawakupata mahali nchini ambapo kufuma kungekuwa kiini cha utafiti wao. Walirudi na shahada, na vitanda vyao vya kufumia vikiwa na vumbi.

Afrika Mashariki haikuanzia huko. Mwaka wa 1937 Margaret Trowell alianzisha masomo ya sanaa Makerere, na shule ile leo inaitwa kwa jina lake. Alikuwa msanii, alikuwa mwalimu, tena alizunguka Uganda akichora na kuandika jinsi watu wanavyofuma, wanavyosuka vikapu na kutengeneza vyombo. Mwaka wa 1953 yeye na Klaus Wachsmann walichapisha kitabu kikubwa kuhusu kazi za mikono za Uganda, kitabu ambacho wabunifu bado wanakirejelea. Aliifanya kazi hiyo chini ya ukoloni na kwa macho ya wakati wake, na yapo mengi ya kumhoji. Lakini muundo wa siku yake ya kazi ulikuwa sahihi: alichokichora alikitumia kufundishia, na alichokifundisha kilimtuma kutafiti.

Mbegu hiyo ilizaa. Venny Nakazibwe, aliyekuja kuwa mkuu wa shule hiyo hiyo ya Makerere, aliandika tasnifu yake ya uzamifu mwaka wa 2005 kuhusu nguo za magome za Baganda, zile zinazotokana na gome la mti wa mutuba linalopigwa kwa nyundo zenye mifuo hadi linapanuka na kulainika kama kitambaa. Mwaka huo huo UNESCO iliutangaza ufundi huo kuwa urithi wa binadamu wote. Leo wabunifu wa Uganda wanatengeneza mikoba, taa na mavazi kutokana na gome hilo, na vijana wa chuo wanajifunza kwa mafundi wa vijijini. Elimu, ufundi na soko vimefika pamoja kwa sababu kuna watu waliokubaliwa kuvishughulikia vyote.

Nje ya Afrika, mfano ninaowapa wanafunzi wangu kila mwaka ni wa Anni Albers. Alikuwa mwanafunzi wa ufumaji katika shule ya Bauhaus, Ujerumani, na kazi yake ya kuhitimu, miaka ya 1929 na 1930, ilikuwa kitambaa cha ukutani kwa ukumbi wa shule moja mjini Bernau. Upande mmoja ulimeza mwangwi ili wazungumzaji wasikike, na upande wa pili, uliofumwa kwa selofani, ulirudisha mwanga. Walimu wake walikipima kitambaa hicho kwa yale kilichoyafanya ukumbini, wakampa stashahada. Baadaye alifundisha Marekani katika chuo cha Black Mountain, akaendelea kufuma, na mwaka wa 1965 akatoa kitabu cha ufumaji ambacho kimekuwa msingi wa somo hili duniani. Kwanza kilikuja kitambaa, kisha mafundisho, ndipo kitabu.

Wenye mizani wa nchi nyingine wamekwisha kulitambua jambo hili. Uingereza, ambako Christopher Frayling wa Chuo cha Kifalme cha Sanaa aliandika mwaka wa 1993 juu ya utafiti unaofanywa kupitia ubunifu wenyewe, sasa hupokea maonyesho, michoro na vitu vilivyotengenezwa katika tathmini ya kitaifa ya utafiti wa vyuo. Karibu nasi zaidi, Wizara ya Elimu ya Juu ya Afrika Kusini ilitoa mwaka wa 2017 sera ya kutathmini kazi za ubunifu na uvumbuzi za vyuo vya umma. Ubunifu wa michoro na bidhaa umo, muziki umo, tamthilia imo, filamu imo, na hataza zimo. Kazi hukaguliwa na wataalamu kutoka nje ya chuo, hupewa alama, na chuo hupata ruzuku kwa ajili yake kama kinavyopata kwa makala. Hiyo ni nchi ya Kiafrika yenye vyuo vyenye matatizo ya fedha kama vyetu. Ilichofanya tunaweza kukifanya.

Vifaa vya kujengea tunavyo hapa hapa. Mwaka wa 2007 Chuo Kikuu cha Moi kilinunua kiwanda cha Rivatex kilichokuwa kimeanguka mjini Eldoret, na mwaka wa 2019 kikafunguliwa upya kikiwa na mitambo mipya. Ni vyuo vichache vilivyowahi kuwa na kiwanda kizima cha nguo mikononi mwao. Nakuru kuna kiwanda cha Bedi kinachoshona sare za watoto wetu. Njoro kuna kina mama wa Kenana, ambao tangu mwaka wa 1998 wamekuwa wakisokota sufu, wakiitia rangi za mimea na kuifuma kwa sindano kuwa wanasesere na mavazi yanayouzwa ng'ambo. Kondoo wa sufu wako Molo na Mau Narok, na mkonge uko Mogotio. Na kwenye ziwa letu, gugu maji liliwakwamisha wanafunzi wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha Egerton waliokuja kwa ziara ya masomo. Mmoja wao, Joseph Nguthiru, akalifanya gugu hilo mradi wake wa mwisho, na leo kampuni yake ya HyaPak hutengeneza vifungashio vinavyooza badala ya plastiki. Swali lilitoka ziwani, likafanyiwa kazi chuoni, likarudi kwa watu likiwa bidhaa. Mhandisi aliweza. Mwalimu wa nguo naye akitengeneza ufumwele wa gugu hilo hilo na kuufuma, apewe mlango.

Linganisheni hayo na hali ya viwanda vyetu kwa jumla. Tangu Marekani ipitishe mwaka wa 2000 sheria ya AGOA, inayoziruhusu bidhaa za Afrika kuingia huko bila ushuru, viwanda vya maeneo ya kutengeneza bidhaa za kuuza nje (EPZ) vimeshona suruali na mashati kwa mamilioni, lakini michoro hutoka nje na vitambaa vingi huagizwa. Tunauza ushonaji, thamani ya ubunifu inabaki kwa aliyechora. Nchi haiwezi kuipata thamani hiyo ikiwa walimu wanaopaswa kuwalea wachoraji wanaadhibiwa kwa kuchora.

Lipo jambo jingine ambalo mafuriko yamenilazimisha kulisema. Ziwa Naivasha lilitupanda mwaka wa 2020, likarudi mwaka wa 2024, na mwishoni mwa mwaka wa 2025 likaifunika sehemu kubwa ya Kihoto, maelfu wakahama, wengine kwa mashua. Miezi hiyo hiyo wahadhiri wa vyuo vya umma walikuwa kwenye mgomo. Maji yalipoingia nyumba kwa nyumba, watu waliokoa watoto kwanza, kisha magodoro na vyeti. Sampuli zangu za rangi za miaka mingi, kila kitambaa kikiwa na kadi yake ya mmea, maji, joto na muda, zilikuwa nyumbani kwa sababu kazini hapakuwa na mahali pa kuzihifadhi. Nyingi ziliharibika. Sisemi haya kuomba huruma, maana majirani zangu walipoteza makubwa zaidi. Nasema ili mwone tofauti. Tasnifu ya karatasi inapokelewa na maktaba, inapewa namba na rafu, na nakala yake iko kwenye hazina ya kidijitali. Ushahidi wa mtafiti wa nguo unakaa kwenye sanduku chini ya kitanda cha kulalia. Taifa lisilohifadhi sampuli litarudia majaribio yale yale kila kizazi.

Najua mtakayojibu, na ni haki mjibu. Mtasema kwamba mlango huu ukifunguliwa, kila aliyeandaa onyesho la mavazi hotelini atadai uprofesa. Hofu hiyo ni ya kweli. Nguo nzuri si utafiti kwa uzuri wake. Utafiti una swali, una njia, una jipya lililopatikana, na una watu wenye ujuzi walioukagua bila upendeleo. Kitambaa kisichokuwa na hayo kisipewe alama hata moja. Lakini makala nayo isiyokuwa na hayo isipewe, na sote tunajua kwamba kuhesabu machapisho kumezaa majarida yanayochapisha chochote kwa atakayelipa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, awe mgema wa kalamu au wa uzi. Dawa yake ni ukaguzi mkali kwa wote.

Mtasema pia kwamba kitambaa hakisafiri kama makala, kwamba mkaguzi aliye Kampala au Johannesburg hawezi kukishika. Anaweza kutumiwa sampuli ya kiasi cha kiganja, picha za karibu, mchoro wa mfumo wa nyuzi, kipimo cha uzi, kumbukumbu za majaribio yaliyoshindikana, na maelezo ya kurasa chache yanayosema swali lilikuwa nini na jibu limepatikana vipi. Kwa vitu hivyo mtaalamu hupima kazi kwa uhakika, pengine kuliko anavyopima makala ambayo majaribio yake hakuyaona.

Basi ninayoomba ni haya manne.

Kwanza, Tume iunde kamati ya wataalamu wa sanaa na ubunifu, wakiwemo wa nguo, ya kuandika vigezo vya kutambua kazi ya ubunifu kuwa utafiti: swali, njia, jambo jipya, kumbukumbu, na ukaguzi wa wasiopungua wawili kutoka nje ya chuo. Kazi itakayovuka vigezo hivyo ipate alama sawa na makala katika kupandisha vyeo. Sera ya Afrika Kusini iwe mahali pa kuanzia, kisha irekebishwe kwa hali yetu.

Pili, saa za karakana zihesabiwe kwa haki. Mafunzo ya kufuma na kutia rangi hayana mhadhara ulio nje ya karakana. Karakana ndiyo mhadhara. Mahali ambapo vitendo ndivyo kiini cha kozi, saa moja iliyofundishwa iandikwe saa moja. Ikiwa fedha haziruhusu kwa mara moja, ianze saa mbili kwa moja, na tarehe ya kukamilisha itajwe.

Tatu, seneti zifungue njia ya shahada ya uzamifu inayofanywa kupitia ubunifu, ambapo mtahiniwa huwasilisha kazi alizozitengeneza pamoja na tasnifu fupi, na kuzitetea mbele ya watahini. Sambamba na hilo, mafundi wakuu wasio na shahada, mfumaji wa Njoro au mtia rangi wa Pwani, waruhusiwe kufundisha karakanani kwa mkataba na malipo ya heshima, wakiwa walimu wa somo lao.

Nne, kila chuo kinachotoa shahada ya nguo kiwe na hifadhi ya sampuli yenye kabati kavu, orodha na picha za kidijitali, na hifadhi hiyo iwe sharti la kuidhinishwa kwa programu, kama ilivyo maktaba. Kaunti ya Nakuru, ambayo mji wake mkuu ulipandishwa kuwa jiji mwaka wa 2021, ingeweza kuwa ya kwanza kushirikiana na vyuo vyake kwa jambo hili.

Sisi walimu nasi tuna deni, na napenda lisemwe waziwazi. Tutaandika kumbukumbu za kila jaribio, pamoja na lililoharibika, badala ya kuziweka kichwani. Tutakubali kukaguliwa na wageni wenye macho makali, na tutakubali kukataliwa. Tutawaingiza wanafunzi katika utafiti wetu na kuyaandika majina yao kwenye kazi, kwa sababu mara nyingi wao ndio wanaouliza swali lililo bora. Tutarudisha matokeo kwa watu tuliowachukulia maswali, kwa lugha wanayoisema: mfanyakazi wa shamba la maua apelekewe vazi la kujaribu, mama anayetia rangi sufu aelezwe kwa nini maji yake yanamgeuzia wekundu. Na tutaendelea kuandika makala, maana kalamu ni chombo kizuri. Tunachokataa ni kwamba iwe chombo pekee.

Muda wa kutenda uko, ila si mrefu. Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi walianza Gredi ya 10, na mmoja wa mikondo wanayochagua ni wa sanaa na michezo. Kwa mpangilio uliopo, watabisha hodi vyuoni mwaka wa 2029. Watoto hao wamelelewa kwa miradi, kwa kutengeneza na kueleza walichotengeneza. Watawakuta walimu wa aina gani? Walimu wanaofuma, wanaotafiti na kufundisha kwa pumzi moja hawapatikani kwa tangazo la kazi la mwezi mmoja. Hukuzwa kwa miaka, na hubaki pale ambapo kazi yao inaheshimiwa.

Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka wa 2012 iliwapa ninyi dhamana ya ubora wa elimu ya juu, na ninaamini ubora huo ndio mnaoutaka, kama tunavyoutaka sisi tulio karakanani. Naomba kikao kimoja cha Tume, wawakilishi wa seneti na walimu wa nguo, kabla mwaka ujao wa masomo haujaanza, ajenda yake ikiwa rasimu ya vigezo nilivyovitaja. Wenzangu na mimi tuko tayari kuja na rasimu hiyo imeandikwa, na kazi kumi au zaidi za kuijaribia, ili mzipime wenyewe na mwone zipi zinapita na zipi zinaanguka.

Wenu katika ujenzi wa elimu,

Mwalimu wa ubunifu wa nguo,
Kihoto, Naivasha.